Kamera za Wanaanga na Ardhi ya Rungwe: Somo la Lenzi na Vipimo

Mwanafunzi wa Tukuyu anayetaka kuifahamu kamera ya mwanaanga anaweza kuanzia darasani mwake. Na achukue kioo cha kukuzia kutoka maabara ya shule, afunge madirisha yote isipokuwa moja linaloelekea kaskazini, na katika asubuhi isiyo na mawingu akielekeze kioo hicho kwenye Mlima Rungwe. Nyuma ya kioo ashike karatasi nyeupe, akiisogeza mbele na nyuma polepole. Patafika mahali ambapo mlima utajichora wenyewe juu ya karatasi: mdogo, wenye rangi zake zote, na kilele chake kikitazama chini. Hiyo ndiyo taswira. Umbali kutoka kioo hadi karatasi wakati taswira imetulia vizuri huitwa urefu wa fokasi wa lenzi hiyo.

Kamera yoyote, iwe ya mpiga picha wa sokoni au ya mwanaanga aliyetua Mwezini, ni jaribio hilo hilo lililowekwa ndani ya kisanduku cheusi. Mahali pa karatasi huwekwa filamu au kipande cha kielektroniki kinachopokea mwanga; na mahali pa pazia la dirisha huwekwa shata, ambayo hufunguka kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Makala hii yakusudia kueleza kamera na lenzi walizotumia wanaanga, kisha kuonyesha kwa hesabu nyepesi ni mambo gani ya Wilaya ya Rungwe yanayoweza kuonekana kutoka angani, na ni yapi yasiyoweza. Hesabu hizo si za kujifurahisha tu. Siku hizi picha za kutoka angani hutumiwa katika kuamua mambo ya misitu, maji na mashamba, na mtu asiyejua nguvu na udhaifu wa lenzi anaweza kutoa hukumu isiyo ya haki juu ya ardhi na watu wake.

KANUNI YA PEMBETATU MBILI

Miali ya mwanga itokayo kileleni na itokayo chini ya mlima hukutana katikati ya lenzi, ikapishana, na kuendelea hadi kwenye karatasi. Hivyo hutokea pembetatu mbili zinazofanana: moja kubwa mbele ya lenzi, na nyingine ndogo nyuma yake. Kwa kuwa pembetatu hizo zafanana, uwiano wa pande zake ni mmoja:

Ukubwa wa taswira = urefu wa fokasi x ukubwa wa kitu ÷ umbali wa kitu.

Kanuni hii hufaa wakati kitu kiko mbali sana kuliko urefu wa fokasi, na milima pamoja na sayari hutimiza sharti hilo bila shida. Tuseme lenzi ya mwanafunzi wetu ina fokasi ya milimita 100. Kilele cha Mlima Rungwe, chenye kimo cha karibu mita 2,960 juu ya usawa wa bahari, kiko umbali wa kilomita 13 hivi kutoka Tukuyu, na kimeinuka karibu kilomita 1.4 juu ya mji. Basi urefu wa taswira ni 100 x 1.4 ÷ 13, yaani karibu milimita 11. Mwalimu aweza kuwaamuru wanafunzi wapime kwa rula, na jibu la karatasi litakaribiana na jibu la hesabu.

Kutokana na kanuni hiyo mambo mawili hudhihirika. Kwanza, fokasi ikiwa ndefu zaidi, taswira huwa kubwa zaidi. Pili, umbali ukiongezeka, taswira hupungua kwa kiasi kile kile. Mwanaanga hawezi kukishusha chombo chake ili aikaribie Tukuyu. Anachoweza kufanya ni kubadili lenzi.

KAMERA ZILIZOKWENDA ANGANI

Tarehe 20 Februari, 1962, miezi miwili na siku chache baada ya Tanganyika kupata Uhuru, Mmarekani John Glenn aliizunguka dunia mara tatu. Njia yake ilipita juu ya Afrika Mashariki, na kituo kimojawapo kilichowasiliana naye kwa redio kilikuwa Unguja. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Glenn alichukua kamera ya Ansco ya filamu ya milimita 35, iliyonunuliwa katika duka la kawaida huko Florida na kurekebishwa ili aweze kuitumia akiwa amevaa glavu nene. Katika siku hizo upigaji picha ulihesabiwa kuwa jambo la ziada tu katika safari ya anga.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, mwenzake Walter Schirra alisafiri na kamera ya Hasselblad, iliyotengenezwa Uswidi, yenye lenzi ya Zeiss ya milimita 80 kutoka Ujerumani. Kamera hiyo nayo ilinunuliwa dukani. Mafundi waliibandua ngozi yake ya nje na kuipaka rangi nyeusi isiyong'aa. Sababu yao ilikuwa ya kifizikia: mwanaanga hupiga picha kupitia kioo cha dirisha, na kitu chochote kinachong'aa ndani ya chombo hujionyesha katika kioo hicho na kuharibu picha. Filamu ya Hasselblad ilikuwa na upana wa milimita 70, na kila picha ilikuwa mraba wenye pande za milimita 55 hivi. Eneo hilo ni zaidi ya mara tatu ya lile la picha ya filamu ya milimita 35, na kwa hiyo mambo mengi zaidi yaliweza kuandikwa juu yake.

Katika safari ya Apollo 8, tarehe 24 Desemba, 1968, William Anders aliipiga picha dunia ikichomoza juu ya upeo wa Mwezi kwa Hasselblad yenye lenzi ya milimita 250. Mwezi wa Julai, 1969, Neil Armstrong na Edwin Aldrin walitembea Mwezini wakiwa na Hasselblad yenye lenzi ya Zeiss ya milimita 60, iliyofungwa kifuani. Kamera hiyo ilipakwa rangi ya fedha ili irudishe joto la jua, kwa maana Mwezini hakuna hewa ya kupoza kitu kilichoko juani. Mbele ya filamu yake palikuwa na kioo chembamba chenye misalaba midogo 25, ambayo umbali kati yake ulikuwa milimita 10 kamili. Misalaba hiyo yaonekana hadi leo katika picha za Mwezini. Filamu ikijikunja au kusinyaa wakati wa kusafishwa, umbali kati ya misalaba hubadilika, na mpimaji hujua ni kiasi gani cha kusahihisha. Ni somo kubwa kwa kila mwanafunzi wa sayansi: chombo kizuri cha kupimia hubeba ndani yake njia ya kufichua makosa yake. Wanaanga hao walipoondoka waliziacha kamera Mwezini ili kupunguza uzito, wakarudi na filamu.

Tarehe 7 Desemba, 1972, wanaanga wa Apollo 17 waliokuwa wakielekea Mwezini waliipiga picha dunia nzima kutoka umbali wa karibu kilomita 29,000, kwa lenzi ya milimita 80. Bara la Afrika laonekana waziwazi katika picha hiyo, pamoja na pwani ya Afrika Mashariki. Je, Wilaya ya Rungwe imo? Imo, lakini kwa kiasi gani? Ziwa Ngozi, lililomo ndani ya kreta ya volkeno kaskazini mwa wilaya, lina urefu wa karibu kilomita 2.5. Kwa kanuni yetu, taswira yake juu ya filamu ilikuwa na urefu wa 80 x 2.5 ÷ 29,000, yaani milimita 0.007. Ikichukuliwa kwamba filamu nzuri hupambanua vitu visivyopungua milimita 0.02, ziwa zima lilikuwa karibu theluthi tu ya ncha iliyo ndogo kabisa ya picha. Wilaya imo katika picha hiyo maarufu, lakini ziwa lake haliwezi kutambulikana ndani yake, hata ikikuzwa kiasi gani.

RUNGWE KUTOKA KILOMITA 400

Tangu tarehe 2 Novemba, 2000, binadamu wameishi bila kukatiza katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachoizunguka dunia kwa kimo cha karibu kilomita 400. Njia yake imeinama nyuzi 51.6 kutoka ikweta. Kwa hiyo hupita juu ya kila nchi iliyoko kati ya latitudo hiyo kaskazini na latitudo hiyo kusini. Tukuyu, iliyoko nyuzi 9 na robo kusini mwa ikweta, imo ndani ya ukanda huo. Mwaka 2001 kituo kilipata dirisha lenye kioo cha ubora wa hali ya juu na kipenyo cha sentimita 51, na mwaka 2010 kikaongezewa chumba chenye madirisha saba ya kutazamia dunia. Filamu nazo ziliachwa hatua kwa hatua, zikafuatwa na kamera za kidijitali, hasa za Nikon.

Sasa hebu mwanafunzi alipigie hesabu Ziwa Ngozi kwa lenzi mbalimbali kutoka kimo hicho, kituo kikiwa juu yake moja kwa moja:

Lenzi ya milimita 50: taswira ya ziwa ni milimita 0.3.
Lenzi ya milimita 250: taswira ni milimita 1.6.
Lenzi ya milimita 400: taswira ni milimita 2.5.

Lenzi ya milimita 400 yastahili kukumbukwa, maana hesabu yake ni nyepesi mno. Kutoka kilomita 400, kila milimita ya picha ni kilomita moja ya ardhi. Yaani skeli ni 1 kwa 1,000,000. Kipande cha kupokea mwanga katika kamera nyingi za kituo kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Basi picha moja huchukua eneo la kilomita 36 kwa 24. Eneo hilo latosha kuingiza Ziwa Ngozi upande mmoja na mji wa Tukuyu upande wa pili, na Mlima Rungwe kati yake. Lenzi ya milimita 50 huchukua eneo la kilomita 288 kwa 192. Ndani ya picha hiyo mtazamaji huweza kuona jinsi Bonde la Ufa linavyogawanyika hapa: mkono mmoja waelekea Rukwa, mwingine Usangu, na wa tatu washuka katika Ziwa Nyasa chini ya Safu za Livingstone. Milima ya volkeno ya Rungwe imeota hasa pale mikono hiyo mitatu inapokutana.

Kila lenzi, basi, ina kazi yake. Lenzi fupi huonyesha sababu ya milima kuwapo mahali pake. Lenzi ndefu huonyesha umbo la mlima mmoja: kwa mfano, ile kreta pana ya kilele cha Rungwe, iliyobomoka na kuacha uwazi upande wa kusini-magharibi. Hakuna lenzi moja ifanyayo yote mawili kwa wakati mmoja.

NI KITU KIDOGO KIASI GANI KIONEKANACHO?

Jicho la binadamu lenye afya hupambanua vitu viwili vilivyoachana kwa mita moja kutoka umbali wa karibu kilomita 3.4. Kwa uwiano huo, mwanaanga atazamaye bila lenzi kutoka kilomita 400 hupambanua vitu vilivyoachana kwa mita 118 hivi. Ataliona Ziwa Ngozi, lakini nyumba za Tukuyu hataziona moja moja.

Picha ya kidijitali imefanywa kwa nukta nyingi zilizopangwa safu kwa safu. Katika kamera ya Nikon D5, ambayo imetumika kituoni, kila nukta ina upana wa karibu milimita 0.0064. Kwa lenzi ya milimita 400 yenye skeli ya 1 kwa 1,000,000, nukta moja hufunika mita 6.4 za ardhi. Kitu chochote kilicho chini ya kipimo hicho huchanganyika na jirani zake na kuwa rangi moja. Shamba la chai litaonekana. Mchumaji wa chai hataonekana. Barabara ya lami iendayo Kyela huweza kuonekana kama uzi, kwa sababu rangi yake yatofautiana sana na majani ya kando. Lakini njia ya miguu ipitayo kati ya migomba haitaonekana kamwe.

Vyombo vya Marekani vilivyoruka na kurudi kati ya mwaka 1981 na 2011 vilibeba Hasselblad zenye lenzi ya milimita 250 katika safari nyingi. Chombo kikiwa kimo cha kilomita 300, skeli yake ni 1 kwa 1,200,000, na picha moja huchukua eneo la kilomita 66 kwa 66. Kwa filamu inayopambanua milimita 0.02, kitu kidogo kabisa kionekanacho ni cha mita 24. Msomaji na akumbuke tarakimu hizi mbili, mita 24 na mita 6.4, kwa kuwa zitarejewa hapa chini.

MWENDO, MAWINGU NA VIVULI

Lenzi nzuri peke yake haitoshi. Kituo cha Anga hukimbia, na kivuli cha njia yake juu ya ardhi husonga kilomita 7.2 kwa sekunde. Eneo lote kutoka Ngozi hadi Tukuyu hupitwa kwa sekunde 4 hivi. Shata ikifunguka kwa sehemu ya 1 kwa 1,000 ya sekunde, ardhi huwa imesogea mita 7.2, zaidi ya nukta moja ya picha. Kwa sababu hiyo mwanaanga huizungusha kamera taratibu kuifuata ardhi, kama mtu amfuataye ndege arukaye kwa macho. Usiku, ambapo shata hulazimika kufunguka kwa muda mrefu zaidi, kazi hiyo yaushinda mkono. Mwaka 2003 mwanaanga Donald Pettit aliunda kituoni, kwa vipuri alivyovikuta humo, kifaa cha kuizungusha kamera kwa mwendo wa kadiri, na kwa njia hiyo akapata picha safi za taa za miji.

Mawingu nayo ni kizuizi kikubwa. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini Tanzania. Kwa mwaka hupata zaidi ya milimita 2,000. Mvua hiyo ndiyo inayolisha mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na migomba, chai na kahawa. Lakini kwa kamera, mvua hiyo ni pazia. Kwa hiyo picha safi za Rungwe hupatikana zaidi katika miezi ya kiangazi, na mtafiti anayetaka kuona wilaya wakati wa masika huweza kukosa kabisa. Mwezi wa Februari, 2000, chombo cha Endeavour kilipima miinuko ya sehemu kubwa ya dunia kwa rada, ambayo mawimbi yake hupenya mawingu. Rada huonyesha umbo la ardhi, lakini haiwezi kutoa rangi za mimea kama kamera.

Kuna pia suala la vivuli. Kituo hakipiti juu ya wilaya saa ile ile kila siku. Mara huja asubuhi, mara adhuhuri, mara jioni. Kuta za kreta ya Ngozi ni za mwinamo mkali, na zimeinuka zaidi ya mita 200 juu ya maji. Jua la asubuhi likiwa nyuzi 20 tu juu ya upeo, ukuta wa mita 200 hutupa kivuli cha karibu mita 550. Kivuli hicho huangukia ukingo wa mashariki wa ziwa, na ziwa na kivuli vyote ni vyeusi katika picha. Mtu asiye mwangalifu ataupima weusi wote na kudhani kwamba ziwa limebadilika.

HATARI YA KULINGANISHA PICHA MBILI

Hapa ndipo hesabu za lenzi zinapogusa maisha ya watu. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtafiti aliye mbali anazo picha mbili za msitu wa Mlima Rungwe. Ya kwanza ilipigwa kwa filamu miaka mingi iliyopita, na uwezo wake wa kupambanua ni mita 24. Ya pili ni ya kidijitali, na uwezo wake ni mita 6.4. Katika picha ya pili msitu una vitobo vyeupe ishirini, kila kimoja chenye upana wa mita 15. Katika picha ya kwanza hakuna hata kimoja. Mtafiti anaandika kwamba katika kipindi hicho watu wa vijiji vya kando wameukata msitu mahali ishirini.

Je, ushahidi huo watosha? Hautoshi hata kidogo. Kitobo cha mita 15 hakingeweza kuonekana katika picha ya kwanza, hata kama kilikuwako tangu enzi za mababu. Badiliko lililoonekana laweza kuwa ni badiliko la lenzi, wala si badiliko la msitu. Njia ya haki ni kuikoroga kwanza picha ya pili, yaani kuziunganisha nukta zake mpaka uwezo wake nao uwe mita 24, kisha kuzilinganisha. Vitobo vikitoweka, picha hizo mbili haziwezi kusema lolote juu ya ukataji. Vikibaki, hapo ndipo pana jambo la kuchunguza.

Kosa la namna hiyo huweza pia kwenda upande wa pili. Mashamba ya Rungwe yenye migomba, kahawa chini yake na miti mirefu juu yake, yakitazamwa kutoka angani huweza kufanana na msitu. Mtu aweza kuandika kwamba msitu umeongezeka, kumbe ni shamba. Kadhalika, mianzi na majani mafupi ya sehemu za juu za mlima ni ya asili, na weupe wake katika picha si alama ya panga wala moto. Msitu huo ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Wanaoutunza wahitaji habari za kweli, na wanaoishi kando yake wastahili kutoshtakiwa kwa kosa la lenzi.

KAZI YA MTU ALIYE ARDHINI

Historia ya karibuni ya mlima huo yatoa mfano mwema. Mwaka 2003 watafiti walimkuta katika misitu ya Rungwe nyani mdogo wa mitini, ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika bado. Habari zake zilitangazwa mwaka 2005. Hakuna kamera ya angani iliyomwona mnyama huyo, wala haingeweza, kwa kuwa urefu wa mwili wake haufiki mita moja. Watafiti waliongozwa na maneno ya wenyeji, waliomjua na kumwita kipunji.

Vivyo hivyo kwa Mlima Kiejo. Picha ya angani huonyesha ulimi wa lava ulioshuka ubavuni mwake. Picha hiyo haina tarehe ya mlipuko. Masimulizi ya wazee, yaliyokusanywa na wanajiolojia, ndiyo yanayouweka mlipuko huo karibu na mwaka 1800.

Kwa hiyo picha kutoka angani na ujuzi wa ardhini havishindani. Lenzi hutoa umbo na ukubwa. Mkazi hutoa jina, sababu na wakati. Picha za wanaanga huhifadhiwa na shirika la NASA la Marekani, na yeyote aweza kuziona bila malipo. Shule ya Rungwe ikiipata picha ya wilaya yake, jambo la kwanza la kuuliza ni hili: ilipigwa kwa lenzi ya fokasi gani, kutoka kimo gani, tarehe gani, na saa ngapi? Maswali hayo yakijibiwa, wanafunzi na waende mahali penyewe wakiwa na kamba ya kupimia, ili wahakikishe. Picha isiyojibu maswali hayo ni pambo la ukutani.

MAZOEZI

1. Mwanaanga aliye kilomita 400 juu ya Ziwa Ngozi anatumia lenzi ya milimita 800. Taswira ya ziwa lenye urefu wa kilomita 2.5 itakuwa na urefu gani?

2. Kituo kiko kimo cha kilomita 400, lakini kimepita kilomita 300 kando ya Tukuyu. Kwa kutumia kanuni ya pembetatu mraba, tafuta umbali kutoka kituo hadi mjini. Skeli ya picha ya lenzi ya milimita 400 ni ipi sasa?

3. Shata inafunguka kwa sehemu ya 1 kwa 500 ya sekunde, na mwanaanga haizungushi kamera. Ardhi itasogea mita ngapi? Ikiwa nukta moja ni mita 6.4, je, ukungu wa picha utafunika nukta ngapi?

4. Shamba la migomba lina upana wa mita 20. Je, lingeweza kupambanuliwa katika picha ya filamu ya lenzi ya milimita 250 kutoka kilomita 300? Eleza sababu.

5. Kwa kioo cha kukuzia na karatasi, pima fokasi kwa kutumia Mlima Rungwe au mlima wowote ulio karibu na shule. Kwa nini ni afadhali kutumia mlima kuliko mti ulio nje ya dirisha?

Majibu: (1) Milimita 5. (2) Kilomita 500. 1 kwa 1,250,000. (3) Mita 14.4, zaidi ya nukta 2. (4) La, kitu kidogo kabisa kipambanulikacho ni cha mita 24. (5) Miali itokayo mbali sana hufika kwenye lenzi ikiwa sambamba, na hivyo hukutana hasa kwenye fokasi; miali ya mti wa karibu hukutana nyuma ya fokasi, na kipimo huzidi.